Nusu Yangu ya Kikombe

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na Baba amekataa supu.

Naanza kuandika kwa sababu nikimweleza mtu napewa ushauri, na ushauri nimeshiba. Tangu Mama alipofariki, mlo wa Baba uko mikononi mwangu, na mpaka jana tulikuwa tunakwenda sawa. Baba alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Jikoni kwake mpishi wa zamu alisimama mbele ya meza, akala kwanza huku wote wakimwona anameza, ndipo wengine wapakuliwe. Wala hakuwa analamba mwiko tu. Alikula kama watakavyokula wao. Ugonjwa wa kusahau umemchukulia Baba karibu kila kitu, na jina langu limo humo, lakini utaratibu huo haujamtoka. Kwa hiyo kila mlo navaa aproni ya Mama, nakula nusu, nafungua mdomo aone, kisha anakula nusu yake. Mama alinikabidhi aproni hiyo mwenyewe, akiwa bado anaweza kusimama. "Mzee," alimwambia, "kuanzia leo zamu ni ya huyu." Baba akanikagua kucha, akakubali.

Leo nimekula nusu bakuli la supu na mdomo nimefungua. Akasema, "Supu ina vitu chini." Nikakoroga aone. Akageukia ukutani.

Jumanne, 3 Machi

Kakataa mkate, eti katikati panafichika kitu. Kakataa wali. Kakataa ndizi niliyoimenya mbele ya macho yake. Amekunywa maji tu, tena baada yangu.

Alhamisi, 5 Machi

Amekunywa maziwa!

Jirani wa chini, yule mama mjane anayekaa naye nikiwa kazini, alipanda na kikombe chake mwenyewe cha maziwa. Baba akanyoosha shingo. "Hayo hayafichi kitu," akasema. "Meupe mpaka chini." Jirani akafurahi, akampa. Baba akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe si wa zamu. Wa zamu yuko wapi?" Na hakugusa mpaka niliporudi jioni.

Sasa hapo ndipo pagumu. Mimi na maziwa tuliachana nilipokuwa msichana wa darasa la saba. Nikinywa hata ya kwenye chai, tumbo linajaa kama puto, linakatakata, na baada ya hapo ni mguu niponye. Daktari wa wakati huo alisema tumbo langu haliwezi sukari ya maziwa, basi nikaacha, nikasahau hata ladha yake. Leo nimesimama mbele ya kitanda, aproni kiunoni, kikombe mkononi, na mzee ambaye hajala tangu Jumapili ananisubiri nimeze.

Nilijaribu ujanja. Nikagusisha mdomo, nikainua koo kama mtu anayemeza. "Fungua," akasema. Nikafungua. "Ulimi mkavu. Unamdanganya nani wewe?"

Nikajikaza kisabuni, nikanywa nusu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yake mpaka tone la mwisho, na povu likabaki kwenye masharubu. Nikamfuta. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Yaliyonipata mimi baadaye hayastahili wino.

Ijumaa, 6 Machi

Kazini. Nakaa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji. Mvua inanyesha, na watu wamepanga foleni wakiwa wamelowa chapachapa kuja kusema kwao bomba ni kavu. Choo cha wafanyakazi kina ufunguo mmoja, umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama kitabu, na unakaa juu ya meza ya Mkuu. Ukiuomba, ofisi nzima inajua unakwenda wapi. Leo niliuomba mara nyingi kuliko nilivyohudumia wateja. Mama Stempu, anayegonga mihuri dirisha la pili, alikuwa akinitazama kila nilipopita. Huyo mama hakai na siri hata ya hali ya hewa, najua kesho jengo zima litakuwa nayo.

Jumatatu, 9 Machi

Nesi wa zahanati amekuja na mizani yake. Tulimsimamisha Baba, mimi huku, jirani kule. Mshale umerudi nyuma.

Akaniuliza Baba anakula nini. Nikamwambia yote, ya aproni, ya zamu, ya tumbo langu. Hakucheka, nikampenda kwa hilo.

"Dada, tumbo linafundishika," alisema. "Unaanza na kijiko, tena ukiwa umekula. Ukilizoesha kidogo kidogo bila kuacha, linajifunza. Mchana jaribu mtindi, huo ni mpole zaidi. Lakini ukianza kwa kubugia kikombe, litakutesa na utaacha."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa."

"Na yeye?"

Nesi alikunja mizani. Alisema akiendelea hivi, atapelekwa wodini awekewe mpira wa puani wa kulishia. Nimewaona wazee wenye mpira wa puani. Wanauchomoa, halafu wanafungwa mikono kwenye vyuma vya kitanda. Mzee wa kitanda jirani na cha Mama alikuwa amefungwa hivyo. Alikuwa akiomba kila anayepita amfungulie, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba kupishwa njia.

Baba yangu afungwe mikono? Mikono ile iliyolisha shule nzima?

Jumanne, 10 Machi

Nimepata njia, nayo ni mbaya. Nimenunua kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kushika kwa vidole. Nusu yake ni kama vijiko viwili vitatu, hivyo naviweza. Lakini Baba hapokei zaidi ya ninavyokunywa mimi. Nusu yako, nusu yangu, ndivyo anavyosema. Kwa hiyo tumbo langu ndilo kipimo cha chakula chake. Ninaposhindwa mimi, anakosa yeye.

Asubuhi kikombe kimoja. Jioni viwili. Alipomaliza alitazama ndani ya kikombe, akakigeuza juu chini. "Mbona mgao mdogo? Stoo imeishiwa?"

"Imeishiwa kidogo, mzee," nilisema.

Ijumaa, 13 Machi

Vikombe vitatu vidogo jioni. Tumbo limevimba, nimelala kifudifudi kitandani nikiandika. Namsikia kule chumbani anahesabu sahani ambazo hazipo.

Jumanne, 17 Machi

Mimi ni mjinga. Naliandika hili nisije nikajisahau.

Dukani kuna maziwa ya soya. Nilisimama mbele ya rafu nikajiona nimeokota dhahabu: meupe, ya maji, hayana ile sukari. Nikanunua, nikayapasha moto, nikatia sukari, nikayamimina kwenye kikombe kikubwa, nikanywa nusu nzima huku natabasamu kama bibi harusi. Nikafungua mdomo. Akaridhika. Akapokea, akanywa fundo moja.

Akatema lote kifuani kwangu.

"Maharage," alisema. Akili yake haijui mwaka, haijui mke wake amekufa, lakini ulimi wake ni ule ule. "Umesaga maharage ukasema maziwa. Umetia nini kingine?"

Nilijaribu kueleza. Unamweleza nini mtu ambaye umemdanganya kweli?

Jumatano, 18 Machi

Hajanywa. Nimeleta maziwa halisi, nimekunywa kwanza, amefunga mdomo.

Alhamisi, 19 Machi

Hajanywa. Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Midomo yake imepasuka, naipaka mafuta kwa pamba. Hata maji ananusa kwanza.

Ijumaa, 20 Machi

Jirani ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Mwanangu, usimletee yakiwa tayari. Yachemshe mbele yake." Nikabeba jiko dogo la umeme mpaka chumbani, nikaweka sufuria, nikamimina kutoka kwenye pakiti isiyofunguliwa, akiwa anaona mkasi unakata. Maziwa yalipopanda aliinuka nusu kitandani. "Punguza moto! Yatafurika!" Nikapunguza. Nikanywa yangu. Akanywa yake.

Nilikwenda kuegemea ukuta wa korido. 

Jumanne, 24 Machi

Mtindi nakula kila mchana kazini, vijiko vinne sasa. Leo tumbo lilinguruma dirishani, kwa sauti ambayo hata kioo hakikuizuia. Mzee mmoja aliyekuja kulalamikia bomba akasema, "Heri hapa maji yanatembea." Foleni yote ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikatamani kulia.

Jumamosi, 28 Machi

Kaka amekuja. Kaka ni yule ambaye kila jioni ananipigia simu kunifundisha kumlisha Baba, kutoka mji ambao ni safari ya siku nzima. Jaribu asali, jaribu muziki, jaribu kumchekesha. Nilimwambia jaribu kupanda basi. Amepanda.

Ameingia na mabegi na sauti yake kubwa. "Mdogo wangu, umekonda kuliko mgonjwa!" Akafungua jokofu, akanywa pakiti nzima ya maziwa akiwa amesimama, akajifuta mdomo. Nilimwangalia kwa wivu ambao sikujua ninao. Tumbo zima lile la bure.

Jumapili, 29 Machi

Wazo lilikuwa langu. Sitamsingizia mtu.

Nilisema, Mama alinikabidhi zamu mbele ya Baba. Basi nami nimkabidhi Kaka. Yeye anywe kikombe kizima, Baba apate kizima, na mimi nipumzike hata wiki moja. Kaka alikuwa amekwishaomba likizo. Tukasimama wote wawili mbele ya kitanda. Nikavua aproni, nikamfunga Kaka kiunoni, nikasema kama Mama: "Mzee, kuanzia leo zamu ni ya huyu."

Baba hakumtazama Kaka hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Kwa nini unaikimbia zamu?"

"Nimechoka tu, mzee."

"Mpishi anakimbia zamu pale anapojua alichoweka kwenye chungu." Akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Umeweka nini? Sema mbele ya huyu. Umeweka nini?"

Nikavaa aproni haraka. Nikanywa mimi, nikanywa kikombe kizima mbele yake, kikubwa, nikijua yatakayonipata. Hakupokea. Alivuta shuka mpaka kwenye pua, akatutazama juu ya pindo lake kama tuliokuja kumwibia.

Kaka alitoka. Nilimkuta kwenye ngazi amekaa, mikono kichwani. Sikuwahi kumwona Kaka analia, hata msibani alikuwa anapanga viti. "Nilidhani unatia chumvi," alisema. "Kwenye simu. Kila siku nilidhani unatia chumvi."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno tayari ya miezi mizima. Nikakaa kando yake, halafu tumbo likaniita, nikaondoka mbio, naye akacheka huku analia, na nikamsikia mpaka chooni.

Alhamisi, 2 Aprili

Baba amerudi kunywa, vikombe vidogo, akiwa na mashaka. Kaka amekwenda. Kabla ya kwenda alisema kwa upole jambo nililokuwa naliogopa: labda mpira wa puani si ukatili, labda ukatili ni huu wa kumwacha na njaa kwa sababu ya heshima yake.  

Jumatano, 8 Aprili

Mama Stempu ameniita pembeni. Nikajua sasa nasemwa. Akafungua mkoba, akanipa ufunguo. Alikwenda kwa fundi akachongesha mwingine wa choo, bila ubao. "Weka kwenye sidiria," alisema. "Mkuu akiuliza, hujaniona." Mumewe alikuwa na vidonda vya tumbo miaka yote ya ndoa yao, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kulijua hilo. Na mimi niliandika kwamba hakai na siri.

Ijumaa, 10 Aprili

Nusu ya kikombe cha kawaida, asubuhi! Tumbo limeguna likanyamaza. Sijakimbia popote. Baba kapata nusu yake.

Jumamosi, 11 Aprili

Tena.

Jumatano, 15 Aprili

Sitaki kuliandika hili.

Tangu Jumapili alikuwa anakunywa kidogo, anaacha kidogo. Leo nimetoka kazini nimelowa, umeme ulikuwa umekatika, maziwa nimeyachemsha kwenye jiko la mafuta la jirani nikapanda nayo ngazi gizani. Hakuyaona yakichemka, basi akafunga mdomo. Nilikunywa yangu. Nikafungua mdomo, nikamulika kwa simu aone. Akafunga wake zaidi. Nikabembeleza. Nikasema Mzee. Nikasema Baba. Nikasema tafadhali mpaka neno likaisha maana.

Nikamshika taya.

Nilibana mashavu yake kwa vidole kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa, nikaweka kikombe kwenye meno. Niliona kwamba nina nguvu kuliko yeye. Yule aliyenibeba mabegani! Maziwa yaliingia kidogo, mengine yakashuka shingoni. Hakupigana. Aliweka mikono yote miwili juu ya mapaja kama kijana wa jikoni aliyeitwa ofisini, akasema, "Nimekosa nini, mkuu?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamfuta shingo. Niliomba radhi, lakini aliyekuwa anaombwa hakujua anaombwa nini. Akaniuliza kama atafukuzwa kazi.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia yeye ndiye mpishi bora tuliye naye.

Basi sasa najua wanaofunga mikono ya wazee wanaanzaje. Wanaanza wakiwa wamelowa na wamechoka na wanampenda mtu. Kaka hakuwa mbali na ukweli, na mimi siko mbali na vile vyuma vya kitanda kama nilivyojidai.

Alhamisi, 16 Aprili

Alama ya kidole changu ipo shavuni kwake. Ndogo, ya zambarau. Jirani ameiona. 

Jumatatu, 20 Aprili

Mizani. Mshale umerudi nyuma tena. Nesi ameandika, amefunga kalamu, ameniangalia. "Wewe je, tumbo?" Nikamwambia nafika nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. "Umefika mbali," alisema. "Lakini yeye anahitaji vikombe vizima, dada, tena mara nne."

Ijumaa, 24 Aprili

Barabara ya dukani imekuwa mto. Hakuna maziwa mtaa mzima. Baba kanywa maji, akauliza kama wanafunzi wamekula. Nikasema wamekula. "Wote?" Wote, mzee.

Jumapili, 26 Aprili

Nimeharisha tangu jana, na si maziwa, ni maji haya ya mafuriko. Nusu ya mtaa wanaumwa. Nimejaribu kijiko kimoja tu cha maziwa mbele ya Baba, nikakitapika kwenye aproni. Amenitazama nikitapika. Sasa nani atamshawishi kwamba chakula hiki ni salama?

Wiki zote zile nilizolisomesha tumbo hili. Zimekwenda na maji.

Jumatano, 29 Aprili

Kijiko. Nimerudi kwenye kijiko.

Jumatatu, 4 Mei

Nesi amesema Jumatatu ijayo gari la hospitali litakuja kumchukua. Hakuuliza, amesema. Mifupa ya bega la Baba inaonekana chini ya shati kama hanga ya nguo. Nimempigia Kaka, nikamwambia njoo. Akasema, "Ndiyo, mdogo wangu," bila ushauri wowote, na hapo ndipo nilipojua mambo yamefika pabaya.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamua kuacha upole. Wiki moja. Tumbo likiniua, na liniue. Nimechukua likizo ya ugonjwa. Mama Stempu aliigonga muhuri bila kuisoma. Maziwa kwa kikombe kile kidogo asubuhi, mchana, alasiri, jioni, kila mara na kipande cha mkate, kila siku naongeza.

Jumatano, 6 Mei

Nimekunywa, naye kanywa. Nimeumwa kiasi.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekunywa. Tumbo limekatakata mpaka nimeuma mto. Naye kanywa.

Ijumaa, 8 Mei

Nusu kikombe cha kawaida, mara tatu. Naogopa kusema kitu.

Jumamosi, 9 Mei

Leo alasiri nimejipima peke yangu jikoni, bila Baba. Nimejaza kikombe kikubwa, kile cha udongo cha Mama, maziwa ya moto mpaka ukingoni. Nimekunywa chote. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasubiri nikiwa nimeshika tumbo. Mvua ikanyesha, ikapungua, ikanyesha. Hakuna kitu. Mguno mmoja, basi.

Niliusikia utamu wake. Nilikuwa nimesahau kwamba ni matamu.

Kesho nitampa kikombe kikubwa kwa mara ya kwanza. Nusu yangu, nusu yake, halafu kingine, halafu kingine. Nesi akija Jumatatu amkute amekunywa siku nzima. Kaka anafika kesho kutwa asubuhi na mapema. Sina pa kushika zaidi ya hapo.

Jumapili, 10 Mei

Nitaandika taratibu.

Asubuhi alikataa. Mchana alikataa. Sikumlazimisha. Nilikaa, nikanywa yangu mbele yake, nikafungua mdomo, akageuka. Nilikata tamaa. Niliandaa hata begi lake, nguo, kandambili na wembe. Wakati naweka wembe nilijiuliza kama huko watanizuia kumnyoa.

Alasiri nilichemsha tena. Sikuwa na matumaini, mikono tu ilishazoea. Nikajaza kikombe kikubwa, nikaingia. Alikuwa ameketi wima, anatazama mlango. Nywele zake alikuwa amezilaza kwa maji ya kikombe cha kando ya kitanda.

"Wa zamu," aliniita.

"Naam, mzee."

"Leo shule zinafungwa. Binti yangu anakuja."

 Hajawahi kutaja kwamba ana binti, tangu ugonjwa uanze. Nilidhani nilishafutika.

"Hayo ni nini?" akauliza.

"Maziwa, mzee. Nakunywa kwanza, uone." Nikainua kikombe.

Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu ambayo sikujua bado ipo. "Usiyaache hapa! Akiyakuta atakunywa. Yule ana haya, akipewa kitu hawezi kukataa, na maziwa yanamuumiza. Atalala amejikunja kama kambale wa kukaushwa, na hatasema." Akakivuta kikombe.

"Baba, sijaonja!"

"Hakuna muda wa kuonja," alisema.

Akanywa. Alikunywa chote, fundo kwa fundo, bila kupumzika, macho yake yakiwa mlangoni, kama mtu anayeficha kitu kabla mgeni hajaingia. Akapumua. Akanirudishia kikombe kitupu. "Osha haraka, harufu isibaki. Halafu mchemshie chai ya rangi, sukari kidogo. Umwekee pembeni, watu wasimuulizeulize kwa nini yake ni tofauti."

"Nitamwekea."

"Usisahau."

Nilikwenda jikoni. Nilivua aproni nikaitundika. Nikachemsha chai ya rangi, sukari kidogo. Nililia mpaka maji yakachemka yakapungua, ikabidi niongeze mengine. Nikamimina, nikarudi nayo chumbani, nikasimama mlangoni bila kujua niingie kama nani.

Aliitazama chai kwanza. Kisha akanitazama usoni.

"Umelowa," alisema.

Sikuwa nimejifuta vizuri. "Mvua, Baba."

Akasogeza miguu yake upande mmoja wa kitanda, ili nipate pa kukaa.

Jumatatu, 11 Mei

Mapema, kabla Kaka hajafika. Aproni, kikombe kikubwa, maziwa ya moto. Macho yake yalikuwa yamerudi kule kule, hanijui.

"Mzee," nilimwambia, "binti yako yuko njiani."

Akaninyang'anya kikombe.